Gunia Alilopewa Keziya

Kwao kijijini Ngonga, Keziya alizoea sufuria kubwa. Kupika chakula cha kuwatosha wa nyumbani tu kulikuwa aibu, maana mpita njia angekosa. Biashara ya kuvuka mpaka iliporuhusiwa na maduka ya vitu vya Malawi yakaota kila kona mjini Kyela, alipata kazi huko, akapanga chumba. Mama yake alimpa gunia zima la mchele limfikishe hadi mavuno, naye akaendelea kupika vilevile. Hakuna aliyepita. Kila asubuhi alimwaga wali uliochacha nyuma ya choo.

“Unapikia mazimwi, mwanangu?” jirani yake, mama Asifiwe, alimuuliza. “Pima kikombe kimoja. Wali ukibaki, kula kiporo asubuhi.”

“Mgeni akija je, mama?”

“Atakula ndizi. Hapa mjini, bibi wee.”

Keziya alicheka. Kupima kwa kikombe aliona ni uchoyo.

Masika yale mafuriko yalifunika mpunga wote wa Ngonga. Mchana mmoja baba yake, mzee Andendekisye, alifika na matope hadi magotini. Nyumbani, alisema, walikuwa wakichemsha mapapai mabichi, na kitinda mimba hakuwa akiinuka tena kwa njaa. Mama yake aliamini gunia alilompa halijapungua hata nusu, basi wagawane.

Gunia lilikuwa limekunjwa pembeni, tupu.

“Uliuuza?” baba aliuliza.

Keziya aliona afadhali hivyo kuliko kusema aliumwaga wali. “Ndiyo, baba.”

Mzee hakufoka. Alinyoosha mkono tu, akangoja apewe hela hiyo akanunue unga.