Jiwe Nililolichonga Vibaya

Sogea karibu, msikilizaji wangu, nikueleze kwanza sauti ambayo pengine hujawahi kuisikia. Ni ko, ko, ko, kavu na ya polepole, ya jiwe dogo likigonga jiwe kubwa. Ilitoka jikoni kwa mama mzaa baba, nyanya ambaye sisi Wagusii humwita magokoro, katika kijiji kimoja upande wa Suneka, miaka ya tisini. Wengi hudhani jiwe la kusagia wimbi, yaani ulezi, likishapatikana kazi yake ni kusaga tu. Sivyo. Likitumika sana, uso wake hulainika kama sahani, na punje huteleza juu yake bila kuvunjika. Hapo hulazimu kulichonga upya: unachukua kokoto ngumu ya mtoni na kuudonoadonoa uso ule mpaka ukwaruze kidole kama ulimi wa paka. Magokoro alifanya hivyo akiwa amenyoosha miguu sakafuni, jiwe katikati ya mapaja, vumbi likimpaka mikono rangi ya majivu.

Jiwe hilo aliachiwa na mama mkwe wake. Desemba nilipomaliza darasa la sita aliniita, akanikabidhi. Mama yangu alikuwa ameacha zamani kusaga kwa mkono, kwa hiyo jiwe lilimruka yeye likaja kwangu. Kwetu bibi na mjukuu wanaruhusiwa utani ambao mama na binti hawathubutu, na magokoro aliniita mke mwenza, kana kwamba nami nimeolewa na babu. "Mke mwenza," alisema, "mzee wetu anataka ugali wa wimbi na bega langu limegoma. Chukua jiwe. Lakini usiringe, kulichonga bado hujui. Jumapili uje nikuonyeshe."

"Na nikikosea, magokoro?"

"Ukikosea nitakuachia huyo mzee peke yako, nirudi kwetu!" Akacheka mpaka akakohoa.

Mama nami tulilibeba ndani ya gunia, tukipumzika kila baada ya hatua chache. Njiani tulikutana na rafiki yangu Kwamboka, aliyechungulia guniani akaangua kicheko. "Nyanya, shikamoo! Wajukuu hawajambo?" Utani wa mtoto tu, lakini ulinichoma. Jumapili ilipofika nikajifanya nina nguo za kufua. Jumapili ya pili nikasema kichwa kinaniuma. Magokoro alipotuma wimbi nimsagie, niliipeleka kwenye mashine ya sokoni, nikawa nimerudi kabla chai haijapoa. Mashine ilikuwa imetoka kusaga mahindi, na unga ukatoka umepauka. Alionja tonge moja, akalirudisha sahanini taratibu. "Mke mwenza," aliniuliza, "mashine imeshakuoa?" Hakukasirika. Alisema tu Jumapili ijayo nisikose, na mara hii hakucheka.

Ijumaa kiharusi kilimpiga. Mkono wa kulia ukalala na maneno yakamwisha. Nilipomwona nilielewa nilichokuwa nimekipoteza, nikaamua kukiokoa kwa nguvu zangu za mtoto. Nilimsihi mama tulirudishe jiwe, nikaketi sakafuni kando ya kitanda chake, nikanyoosha miguu kama yeye na kuanza kugonga. Alinitazama. Kisha akainua mkono wa kushoto, akaulaza upande, akauinua tena, huku koo lake likitoa sauti isiyokuwa neno. Niligeuza jiwe. Akatikisa kichwa. Nikageuza kokoto, akatikisa tena. Kwa hofu niligonga kwa nguvu, wima, na kipande kipana kama kiganja kikabanduka ukingoni. Magokoro alifumba macho. Machozi yalimtoka jicho moja tu, lile la upande uliobaki hai. Hakufika Januari.

Leo naishi mjini Nyamira, na unga wa wimbi nanunua dukani ukiwa kwenye pakiti, mwepesi, safi, bila jasho la mtu. Jiwe liko chini ya meza ya jikoni. Binti yangu akiuliza, humweleza yote niliyokueleza wewe, isipokuwa kokoto hushikwaje, kwa sababu sijui. Nimewauliza akina mama wazee wanaouza wimbi katika soko la Daraja Mbili, na kila mmoja amenionyesha pembe yake ya kulaza kokoto. "La kwangu lilitaka hivi," mmoja aliniambia, "la bibi yako sijui. Kila jiwe lina mshipa wake." Aliyeujua mshipa wa hili aliningoja Jumapili mbili.

Wewe hujachelewa kama mimi. Mtu wa kwenu akikupa chombo chake cha kazi, usiondoke nacho siku hiyo. Keti hapo hapo, kitumie mbele yake, ukosee akurekebishe, na usiinuke mpaka aseme inatosha.