Cherehani Mbili za Fundi Amisi

Asubuhi ile mama na Fundi Amisi walikuwa wanagombana juu ya chai, kama kawaida yao. Mama alishikilia kwamba chai isiyo na tangawizi ni maji ya kuoshea vyombo. Fundi akamjibu kwamba tangawizi yake ingemtoa jasho hata mamba wa Ziwa Tanganyika. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba alikuwa amefariki, na duka letu la vitambaa, upande wa Kongo wa ziwa, lilisimama kwa ulimi wa mama na mikono ya Fundi. Alishona barazani kwetu tangu kabla sijazaliwa. Macho yake yalipoanza kuchoka, mimi ndiye niliyemtungia uzi.

Waasi waliingia mjini mchana, watu wakiwa wanakula.

Walichukua majora yote ya kaki dukani, wakatuchukua na sisi watatu. Wakatufungia katika bohari ya pamba kando ya mto, pamoja na cherehani mbili za miguu, tuwashonee sare. Mama alikata, mimi na Fundi tulishona. Hatukulipwa wala hatukutoka, na aliyesema amechoka alichapwa mkanda. Mlinzi alikaa nje ya mlango, na hakuwa na haja ya kuchungulia kwa sababu alisikiliza tu. Cherehani hata moja ikinyamaza, mlango unafunguliwa. Siku moja nilisimama kufunga uzi uliokatika, na Fundi akasema ni yeye aliyesimama. Alichapwa kwa ajili yangu. Nilimpenda mzee yule kama baba, na siku ile nilimwambia hivyo.

"Bibi yangu, mama ya baba, waliuzisha, wakamutia munyororo," alituambia jioni moja. "Miye wananifunga na mashini. Heri bibi, yeye alikuwa anatembea."

Mama alicheka mpaka akalia.

Mwezi wa nne wa kufungwa kwetu, mwanamke aliyetuletea mihogo akatunong'oneza kwamba jeshi la serikali limepiga kambi ng'ambo ya mto. Anayevuka na kitambaa cheupe anapokewa, anapewa chakula, na hakuna wa kumrudisha. Tangu siku ile Fundi alilegeza ubao wa nyuma ya bohari kwa ncha ya mkasi, kidogo kidogo, sisi tukishona kwa kelele. Ubao ukalegea. Kilichobaki ni mlinzi na masikio yake.

Fundi akavuta benchi, akalikalia katikati ya cherehani mbili, mguu mmoja huku, mguu mwingine kule. Zikaenda zote mbili. Ungekuwa nje, ungeapa kuna watu wawili.

"Muende sasa," alisema. "Miye nitafuata."

"Utafuataje, mjinga wewe?"

"Mama, leo tu, usibishane na miye."

Mama hakubishana.

Tulipenya penye ubao, tukatambaa katika shamba la mihogo.

Nyuma yetu cherehani zilikuwa zinakwenda.

Maji yalitufika kifuani. Mama akavua mtandio wake mweupe, akauinua kwa mikono miwili.

Askari wa ng'ambo hawakufyatua risasi.

Tulipofika ukingoni, cherehani hazikusikika tena. Tulikuwa mbali mno. Risasi tulizisikia. Mbili.

Kule kambini walitupa uji na blanketi. Afisa mmoja akatuambia lori la kwenda bandarini linaondoka saa ile ile, jingine ni baada ya siku tatu, tuchague. Mama alitaka kungoja. "Amekufa, mama," nikamwambia. "Umesikia mwenyewe." Nikamvuta mkono. Nikisema kweli, sikuwa na hakika kwamba amekufa. Nilikuwa na hofu, na nililitaka lile lori.

Tulivuka ziwa hadi Kigoma, tukapanda treni kwenda pwani. Miaka ile Wahindi wa Afrika Mashariki walipokuwa wanahamia London kwa wingi, na sisi, Wahindi wenzao, tulikuja kwa pasi ya Kiingereza ya mama, aliyezaliwa Mombasa. Tulianza Kilburn kwenye chumba kimoja cha kupanga, kisha tukahamia Kingsbury. Mama aliipenda Kingsbury Road tangu siku ya kwanza, kwa kuwa alipata wenye maduka wa kugombana nao kwa Kigujarati, na wakimshinda anahamia Kiswahili. Na kila mwaka, siku ya lile lori, alimsomea Fundi hitima. Alipika pilau na kujaza nyumba watu, wanaume sebuleni, wanawake chumbani, mlango ukiwa wazi.

Mwaka wa saba alikuja mgeni, Bwana Hasanali, mwenye duka wa Kigoma, aliyekuwa na wiki mbili tu London na bado anavaa koti ndani ya nyumba. Juzuu zilikuwa zimekwisha kusomwa. Msomaji alipomtaja katika dua Amisi bin Ramazani, fundi cherehani kutoka ng'ambo ya ziwa, mgeni akainua kichwa.

"Amisi huyu anayechechemea?"

"Hakuwa anachechemea," nikasema kutoka mlangoni.

"Alichechemea, binti yangu. Risasi ya mguu. Alijificha usiku kucha kwenye mihogo, akavuka mto siku ya pili, akakuta mmeshaondoka. Alipopona akawafuata Kigoma, napo mmeshapanda treni. Ameshona barazani kwangu miaka yote hii. Alikuwa akisema watu wake wako Ulaya, iko siku watamwita. Tumemzika miezi michache tu iliyopita."

Siku ya pili. Lori jingine lilikuwa la baada ya siku tatu.

Mtu alitoa miguu yake ili mimi niwe huru, na mimi sikuweza kumpa siku mbili. Nimelipima jambo hili kila namna tangu hapo, na halipungui uzito.

Mama alikuja mlangoni nilipokuwa nimesimama, akanishika mkono, akaubana asiuachie. Kisha akamwita msomaji kwa sauti ile ile ya Kingsbury Road.

"Zote za nyuma tumemsomea mtu aliyekuwa hai, akitungoja. Hebu gaweni juzuu upya. Hii ndiyo hitima yake ya kwanza."