Siku Akina Mama Walipochoma Mbuzi

Siku za soko pale Kathonzweni, harufu ya mbuzi anayechomwa ilitupokea kabla hatujaliona duka la kwanza. Ilitoka nyuma ya bucha, kwenye kibanda kilichozibwa kwa magunia, ambamo wanaume waliketi wakitafuna na kubishana. Tulipofika hapo Mama alipunguza mwendo, kiondo cha kunde mgongoni na kamba yake ikimbana kwenye paji la uso, akavuta pumzi ndefu, kisha akaendelea. Hakuna aliyewakataza wanawake kuingia. Ni kwamba tu hawakuwa wakiingia. Hata nyumbani, mbuzi akichinjwa, mbavu zilichomewa kule ng'ambo ya zizi na kuliwa hukohuko, nasi jikoni tukaletewa kichwa, miguu na matumbo ya kuchemsha. Niliwahi kumuuliza Mama mbavu zina ladha gani. Akasema, "Mutanu, hata mimi huzijua kwa pua tu."

Nilikuwa darasa la nne mwaka ule alipougua. Mvua ilikuwa imekatika mapema, mahindi yakakauka yakiwa yamefika kiunoni, na vumbi jekundu likaingia hata kwenye unga. Mama ndiye aliyekuwa mwimbishaji wa kikundi cha akina mama waliobeba mawe kujenga bwawa la mchanga mtoni kwetu. Sauti yake ilisikika hadi shuleni. Halafu kukatokea uvimbe kwenye titi lake la kushoto, akaanza kukonda, nyimbo zikapungua. Alikwenda hospitali na mdogo wake, mama yangu mdogo Ndinda, akarudi, akaniambia atasafiri Nairobi kutibiwa. Wenzake wakaja kumwuliza angependa wamfanyie nini kabla hajaondoka. Nafikiri walitarajia aombe maombi. "Nataka mbavu za kuchoma," Mama akasema. "Na tuchome wenyewe." Mama Kioko, mwenyekiti wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya radi, akapiga makofi. "Mikono hii imejenga bwawa. Mbuzi ni nini?"

Jirani yetu Mutua, baba yake Nduku, ndiye aliyechinja na kuchuna, kisha akashukuriwa na kuambiwa aende kwake. Alikwenda hadi kwenye ua tu, akaegemea. Akina mama walipanga mawe, wakaweka kuni nyingi kama za kupikia harusi, wakawasha. Hawakuwa na waya wa kuchomea, kwa hiyo Mama Kioko alikuwa ameleta springi za kitanda chao cha zamani, akazisugua kwa mchanga na kuzilaza juu ya mawe. "Ngojeni makaa!" Mutua akapaza sauti. "Nenda kwako, Baba Nduku!" wakamjibu kwa pamoja. Wakatandaza nyama juu ya ndimi za moto. "Tia mafuta kidogo," mmoja akasema. "Huwa hawatii mafuta." "Umewahi kuwaona wakichoma?" "Nimewaona kwa mbali." Wakatia.

Moto ukaruka hadi kimo cha mtu. Springi zilipopata joto zikaanza kulia na kujinyoosha, na moja ikafyatuka ikarusha ini zima hewani, likatua kwenye mgongo wa mbwa wetu, ambaye alitoka mbio akibweka kwa hofu, kisha akagundua alichobeba na kunyamaza. Ndinda akamfukuza, akateleza, akakalia sinia la kachumbari. Ncha ya leso ya Mama Kioko ikashika moto. Wakammwagia maji yeye, wakaumwagia moto nao, na wingu la majivu likapanda na kutua juu ya kila kipande cha nyama. Paja moja lilikuwa jeusi kama sufuria kwa nje, na lilipokatwa likatoa damu. Mutua alikuwa amejikunja pale uani akicheka hata kofia ikamdondoka. Na Mama, aliyekuwa amelazwa kwenye mkeka ameegemezwa mito, alicheka akiushika ubavu wake kwa mikono miwili, akisema, "Niacheni, niacheni, mtaniua." Kila mwanamke alikuwa akijifuta machozi kwa leso. Moshi huu, walisema. Moshi mbaya kweli. Nami nikaamini.

Mwishowe nyama ikaoshwa, ikatiwa kwenye sufuria na kuchemshwa kama siku zote. Walipokuwa wakibishana kuhusu chumvi, Mama aliniomba nimsaidie kusimama. Alijivuta hadi kwenye mawe, ambako sasa yalibaki makaa machache tu mekundu upande ambao maji hayakufika. Akachukua ubavu mmoja uliosahaulika kando ya mawe, akaupangusa, akaushikilia kwa kijiti, akaanza kuugeuza taratibu. Nikaweka mkono wangu chini ya wake. Mafuta yakadondoka yakilia. Alipoona umeiva akaugawa, akanipa sehemu yenye nyama. Ulikuwa na majivu na chumvi nyingi mno. "Kumbe," alisema baada ya kutafuna kwa muda mrefu. "Kumbe ni hivi." Alitema kile alichoshindwa kumeza kwenye kiganja, akaninyamazisha kwa macho nisiseme.

Aliondoka Jumatatu, akarudi kwenye gari lenye pazia, ndani ya jeneza. Nilipokuwa msichana mkubwa ndipo Ndinda aliponiambia kwamba daktari alikuwa ameshasema matibabu yamechelewa, kwamba Mama aliwaeleza wenzake wote, na akawaapisha asilie mtu mbele yangu. "Tulikuwa tunangoja moshi," Ndinda alisema. "Bila ule moshi tungefanyaje?"

Leo nafanya kazi Kitui mjini. Ijumaa jioni mimi na wenzangu wa kike tunaingia hotelini, tunaagiza mbavu, zinaletwa kwenye ubao zikiwa zimeiva vizuri, na hakuna mwanamume anayegeuza shingo. Tunakula tukitazama simu. Ni nyama nzuri. Huwa nanawa mikono nikiwa nimeshiba, nami sikumbuki hata tulizungumza nini.

Desemba iliyopita niliwaalika waliobaki wa kile kikundi. Mama Kioko anatembea kwa mkongojo sasa, na meno yake hayawezi tena nyama, nikampikia muthokoi laini, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Walisimulia siku ile upya, wakicheka, wakisahihishana nani alikalia nini. Nilikuwa naosha vikombe niliposikia wanavyomtaja Mama. "Yule msichana wetu," Mama Kioko alisema, "alikuwa bado mdogo sana." Nikasimama na kikombe mkononi. Miaka yangu imeshaipita yake. Wenzake wamezeeka bila yeye, nami nimemwacha nyuma. Angeingia pale mlangoni leo, mimi ndiye ningemwita mdogo wangu, nimvutie kiti, nimwambie akae nimwandalie.