Kreszenz wa Korongo Jeupe na Sketi ya Dada Yake

Kreszenz alizaliwa siku ya Mtakatifu Agata, tarehe 5 Februari 1712, katika kijiji cha Eggmatt, juu kabisa ya bonde letu la Valais, katika milima ya Alpi, mtoto wa pili wa Moritz Tannast, mchunga mbuzi. Wa kwanza alikuwa Genoveva, naye ndiye aliyemsimulia paroko habari hizi alipokuwa mzee.

Kila mwaka theluji ilipoanza kuyeyuka, Kreszenz alikuwa akitoka kila alfajiri kuikanyaga ukingoni mwa Korongo Jeupe, lililotenga kijiji na ng'ambo. Ikimbeba, usiku ulikuwa umeigandisha, na watu walipita mpaka jua lilipogusa miamba. Akizama hadi magotini, hapiti mtu. Wanakijiji hawakutia mguu korongoni kabla ya kuuliza, "Kreszenz kasemaje?" Genoveva, aliyefua vitambaa vya altare na kubeba bendera ya maandamano miaka kumi na minane, hakuulizwa hata habari za mishumaa. Wivu ulimla. Kila alipolisikia swali lile, aliliacha jibini lake mezani. Alimwombea mdogo wake akosee, walau mara moja.

Tarehe 25 Aprili 1749, siku ya maandamano ya kwenda kanisa dogo la ng'ambo ya korongo, kulikucha na mawingu na joto. Kreszenz alikataza watu wasipite. Genoveva naye alikuwa ameijaribu theluji kwa siri alfajiri hiyo, akazama hadi kiunoni. Alijua. Hata hivyo alijitanda joho juu ya sketi iliyolowa, akasimama na bendera mlangoni mwa kanisa.

"Mimi nimeikanyaga, imenibeba kama sakafu. Au theluji inamjua malkia wetu peke yake?"

Watu wakacheka.

"Dada, umeikanyaga kweli?"

"Unaniita mwongo mbele ya Padre?"

Kreszenz alitazama chini, akaona maji yakichuruzika kutoka kwenye pindo la sketi ya dada yake. Akawageukia watu.

"Basi nitangulie peke yangu. Mkiniona ng'ambo, nifuateni."

Alipofika katikati, theluji ya mlimani iliporomoka ikamfunika. Watu arobaini na mmoja walibaki ukingoni wakiwa hai, bendera imeanguka matopeni.

Mwili wake ulipatikana mwezi Juni, na husimuliwa kwamba haukuwa na jeraha hata moja. Tangu hapo Genoveva ndiye aliyeikanyaga theluji kila alfajiri, miaka ishirini na sita, na watu walimuuliza vilevile, "Kreszenz kasemaje leo?" Naye alijibu, "Kreszenz kasema msipite," au "Kreszenz kasema piteni." Jina lake mwenyewe hakulitaja.

Sisi tunaomheshimu Kreszenz tuige ulimi wake, uliokataa kumwaibisha ndugu. Genoveva alipokaribia kufa, alimshika paroko mkono.

"Aliiona sketi yangu, Padre. Angeninyooshea kidole tu, angekuwa hai. Andika hivyo. Usiandike kwamba ni theluji iliyomuua."