Nyumba Mbili Zinazongojeana

Kigali ni mji wa vilima, na ubaya wa vilima ni kwamba unaviona vitu usivyoweza kuvifikia. Keza, kila alipotoka nje ya kiwanda chao cha Masoro kupumzisha macho, alijikuta ametazama magharibi, upande wa Gitega, anakoishi mama yake. Katikati hapakuwa na mpaka wala mto wa kutisha. Palikuwa na pikipiki za kukodi, tena za kumwaga. Lakini Keza hakuwa na ruhusa ya kwenda.

Hakufungwa na mtu, aliolewa tu. Kwa desturi ya Kinyarwanda, bibi harusi hakanyagi tena kwao mpaka ndugu zake waje kwa mumewe na vikapu kumtwikurura, yaani kumfunua mtandio, ili awe mwenye nyumba anayeingia na kutoka apendavyo. Siku hizi watu humaliza yote jioni ileile ya harusi, mpiga picha akiwaharakisha. Jioni ya harusi ya Keza, babu wa mumewe, Ntare, alizidiwa akakimbizwa hospitali, na hakurudi. Vikapu vikarudi Gitega vimejaa vilevile.

Matanga yakaisha. Shangazi Gaudiose, aliyemlea Ntare na anayeishi nao ua mmoja kule Kimironko, akasema si adabu kuwaharakisha wenye vikapu. Watasema wenyewe wakiwa tayari. Mama Mukabalisa naye, kule Gitega, akasema si adabu kujialika kwa wafiwa. Wataita wenyewe wakiwa tayari. Na bibi harusi hapangi sherehe yake, hilo linajulikana. Basi kila mtu akawa na adabu zake, na adabu hizo zikawa zinamla Keza taratibu.

Kwa simu walizungumza, ndiyo. Lakini simu haina harufu ya dagaa. Mama yake alimlea Mwanza kabla hawajarudi Rwanda, na Keza alimkumbuka kwa mambo ya kijinga kabisa: anavyoburuta kandambili, anavyoagiza dagaa wa Mwanza kwa kila msafiri na kuwasengenya samaki wadogo wa Kivu kana kwamba walimkosea. Alitamani kukaa tu jikoni kwake, asiseme neno, agombezwe kwa kukata vitunguu vinene.

"Hayo mambo ya zamani," Ntare alimwambia. "Panda pikipiki uende."

"Nikiingia kwetu hivihivi, majirani watasema binti wa Mukabalisa alitolewa kama mzigo. Mama atanikumbatia, halafu atalia nikiondoka. Hapana."

Ntare alikuwa mume mwema, ila mambo ya vikapu yalimpita juu ya kichwa.

Huko kiwandani walitengeneza kidude cha kukaa ndani ya masanduku ya baridi ya kusafirishia chanjo, kikipima joto njia nzima. Betri yake ni ndogo, kwa hiyo sharti kilale na kuamka, kilale na kuamka. Keza aliandika kiendeshi chake, ile sehemu ya programu inayokiambia kipimo pima, lala, amka. Na kidude kilikuwa na ugonjwa: mara mojamoja kiliganda. Hakilali, hakiamki, kinatazama tu.

Keza aliusaka kutwa nzima mpaka akaona. Mlikuwa na kazi mbili zinazokwenda sambamba, moja ya kupima, moja ya kulaza, na kufuli moja la programu, ili zisikiguse kipimo kwa pamoja. Amri ya kulala ikija wakati kazi ya kupima ndiyo kwanza inaanza, kazi ya kulaza ilishika kufuli, kisha ikangoja kwa heshima upimaji uishe. Upimaji nao ulingoja kwa heshima kufuli liachiwe. Hakuna aliyekosa, na hakuna aliyesogea.

"Toa hilo kufuli tumalize," alisema Kagabo, mwenzake wa meza ya pili, mtu asiye na subira hata na chai ya moto.

"Nikilitoa, mmoja atapima wakati mwenzake ameshakata umeme. Kitasoma upuuzi, na muuguzi atauamini. Kufuli halina kosa, Kagabo. Kosa ni kulishika kwanza halafu ndipo kungoja. Anayelaza angoje mikono mitupu, upimaji uishe, kisha ashike."

Alihamisha mistari miwili ya programu juu ya mwingine. Walikilaza kidude na kukiamsha mpaka Kagabo akachoka kutazama, na hakikuganda tena. Kagabo akapiga makofi. Keza hakupiga. Alikuwa amekaa mkono mdomoni, akiona nyumba mbili, moja imeshika mlango, nyingine imeshika vikapu.

Aliomba ruhusa akaondoka jua lingali juu. Gitega, alishukia mbele ya geti la kwao, mguu wake ukiwa barabarani, haujagusa hata kizingiti. Akapiga simu.

"Mama, niko nje. Siingii. Toka wewe."

Kandambili zikaburutwa uani, na Keza akaanza kulia kabla geti halijafunguka. Mama Mukabalisa alisimama ndani, yeye nje, wakatazamana.

"We mtoto we! Nani kakuruhusu?"

"Nyumba ndiyo niliyokatazwa, mama. Barabara hakuna aliyenikataza."

Mama akatoka. Alimshika binti yake kwa nguvu, wauza ndizi wakaacha biashara kutazama. Kisha akarudi ndani akaja na kikapu kikubwa chenye kifuniko. Ndani mlikuwa na unga wa mtama, laini, wa juzi tu.

"Kila ukikaribia kuharibika nabadilisha," alisema. "Nikajua wataita leo, wataita kesho." Akavaa viatu vya kutokea. "Twende. Nami nitasimama nje ya geti lenu. Aliyemo ndani akitoka, ametoka."

Walipofika Kimironko, Mama Mukabalisa alisimama barabarani na kikapu chake kichwani, wima. Keza akaita. Shangazi Gaudiose akafungua geti, akakiona kikapu, akashika mashavu, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokota:

"Mama Keza! Mimi nilisema nyinyi iko na hasira na sisi."

"Na sisi tulidhani bado mnalia."

Shangazi alirudi ndani mbiombio, akatoka na kikombe cha maziwa, akakitoa nje ya geti kwa mikono miwili. Mama Mukabalisa akanywa palepale barabarani, akafuta midomo, kisha akanyoosha mkono akamfunua binti yake mtandio.

"Haya," akamwambia. "Jumapili uje unikatie vitunguu."