Bibi Harusi wa Kijani wa Homa Bay

Picha ya kwanza ambayo shemeji yangu Dishon alichapisha kwa kompyuta ya marehemu mume wangu, bibi harusi alitoka kijani.

Uso, shingo, mikono. Kijani kama sukuma wiki.

Acha niwasimulie, na sitamwomba mtu msamaha.

Ilikuwa 1999, Migori. Mimi na mume wangu Cliff tulikuwa tunachapisha picha sebuleni kwetu. Watu walidhani ni kubonyeza tu. Wapi! Kila aina ya karatasi inanyonya wino kivyake, kwa hivyo ndani ya kompyuta kila karatasi ina profaili yake, maagizo ya kuiambia printa ichanganye rangi vipi. Ukikosea profaili, ngozi ya mtu inageuka.

Cliff alihangaika na hizo profaili miezi mizima, mama yake na Dishon, Phelesia, akiwa ameketi hapo kando akichambua omena, wale dagaa wa ziwani.

Kisha Cliff akafa.

Matanga hayajaisha, Dishon huyo na pickup.

"Shemeji, mali ya ndugu yangu inarudi kwa boma. Wewe kompyuta utafanyia nini?"

"Na watoto wa ndugu yako nitawalisha nini?"

"Si uuze omena kama wengine."

Watoto wangu walikuwa mlangoni, wanasikia.

"Sawa," nikasema. "Ngoja niizime vizuri, isiharibike."

Nikaketi. Profaili ya karatasi ya kung'aa nikaipa jina la ile isiyong'aa, na isiyong'aa nikaipa jina la ya kung'aa. Nikazima. Hata nikamsaidia kubeba printa.

Akafungua studio Homa Bay. Kazi ya kwanza, harusi ya binti wa mzee wa kanisa. Dishon akachagua jina la karatasi aliyoweka, sawasawa kabisa. Kijani. Akarudia. Kijani tena.

Mama ya bibi harusi akapiga nduru barabarani: "Umefanya msichana yangu akae maiti!"

Habari iliponifikia nilicheka mpaka machozi yakatoka. Mara ya kwanza tangu mazishi.

Halafu watu wakaanza kunong'ona: chira. Ile laana inayomwandama mtu aliyevunja mila. Ati amemnyang'anya mjane, sasa Cliff amekasirika huko aliko. Hakuna mteja aliyekanyaga tena kwake.

Dishon akarudi Migori amekonda, na wazee, na kompyuta, na mbuzi.

"Shemeji, nisamehe. Ongea na ndugu yangu aniachilie."

Sikumhurumia hata kidogo. Nilimwacha asimame juani wazee wakiiombea kompyuta. Kisha nikaiingiza ndani, nikarudisha majina, nikachapisha ile ile picha ya harusi. Bibi harusi akatoka na weusi wake mzuri. Wazee wakashika vichwa. Dishon akapiga magoti.

Walipoondoka, mama mkwe alibaki na sinia yake ya omena.

"Nyathina, mtoto wangu," akasema bila kuinua macho, "ile ya karatasi ya kung'aa umerudisha mahali pake?"

Nikageuka kumtazama.

"Mama, ulijua?"

"Cliff alikuwa anakufundisha kila siku, mimi nimekaa hapa. Mimi si kiziwi. Na hiyo maneno ya chira, unadhani ilianzia kwa nani?"

Kwa hivyo wewe unayepanga kumpokonya mjane, angalia kwanza nani ameketi kimya kando. Si lazima awe upande wako kwa sababu alikuzaa.