Tulimtumia Isale

Jumapili moja, sala ya jumuiya ilipokwisha, niliombwa niwafundishe wazazi wa kwetu Kirua Vunjo namna ya kuwalinda watoto mtandaoni. Sijui kwa nini mimi, ila nimesoma chuo kikuu na sina kazi, kwa hiyo muda ninao.

"La kwanza," nikasema, "mtoto asiongee na mtu asiyemjua."

"Mwalimu," akadakia baba mmoja, "mimi simu yangu kuiwasha tu mpaka nimwite mtoto. Sasa nani amlinde mwenzake?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Dada yangu, anayeuza mitumba Kiboriloni, alicheka mpaka akajifuta machozi. Lakini alikuwa amesikia. Jioni ile alimuuliza binti yake, aliye kidato cha kwanza, anachati na nani kila siku.

"Ni ndugu, mama. Wa ukoo wetu."

"Wa upande gani?"

Binti akaeleza. Yule ndugu alijua jina la babu, kitongoji chetu, hata shangazi aliyeolewa Pasua. Huku kwetu mgeni huulizwa hayo kabla hajaulizwa jina lake. Akijibu vizuri, anavutiwa kiti. Dada akasema, "Haya, msalimie," akaendelea kumenya ndizi.

Mimi nilikuwepo, na sikuona kasoro. Hakuna aliyekumbuka kwamba majibu yote yale yalikuwa kwenye tangazo la msiba wa baba yetu, ambalo sisi wenyewe tulilisambaza kwenye kila kundi la simu: watoto, wakwe, wajukuu, wanakoishi na njia ya kufika nyumbani.

Miezi baadaye dada alinipigia simu, akashindwa kumaliza sentensi. Yule ndugu alikuwa amembembeleza mtoto mpaka akampa picha ambazo mtoto hapaswi kuombwa na mtu yeyote. Sasa alitaka nyingine. Asipopewa, angezisambaza kwa wanafunzi wenzake.

Tulihifadhi ujumbe wote, tukaenda polisi. Walitusikiliza vizuri, wakatuambia tusimjibu. Ndivyo nilivyokuwa nimewafundisha watu. Tukapanda mlimani kwa mama, tukakaa kusubiri, na mtoto akaacha kula.

Mama yangu hakuelewa kusubiri. Kwake jambo lilikuwa na njia. "Kama ni wa ukoo ana baba," alisema. "Na kama ana baba, wazee watakaa naye. Kwanza tumwombe atulie."

Akatoka nje, akaenda kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la migomba, akarudi na jani la isale, refu, lina umande bado. Isale haikataliwi. Nimeona watu waliokatana mapanga wakikaa kwenye chungu kimoja cha pombe ya mbege kwa sababu mmoja alimpelekea mwenzake jani hilo.

"Lipige picha umtumie."

"Mama, sisi ndio tuliokosewa."

"Anayetaka amani ndiye anayepeleka. Wewe na elimu yako umepeleka nini?"

Mimi siamini isale. Siamini mambo mengi, na mama anajua, tumeshagombana sana. Lakini kufikia siku ile nilikuwa siamini hata niliyowafundisha watu. Mpwa wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga, ananitazama. Alikuwa anaamini. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kuona uso wake umefunguka.

Nikalilaza jani juu ya kitenge cha mama, nikapiga picha. Dada akaandika chini yake: *Ndugu yetu, tunakuomba.* Tukaituma kwa simu yangu.

Alama mbili zikageuka bluu. Akawa anaandika. Mama aliuliza kama amepokea, nikasema amepokea, akafanya ishara ya msalaba.

Kisha jibu likaja: *Hili jani la nini?*

Nililisoma mara nyingi kuliko lilivyostahili. Mtoto wa miaka mitano wa huku anajua isale. Hata mlevi asiyejua njia ya kwao anajua isale.

"Amesema nini?" mama akauliza.

"Anauliza ni jani gani."

Nilimwona mama akihesabu koo kichwani, migongo ya mlima, wake walioletwa kutoka mbali, akitafuta nyumba moja ambayo mtu angeweza kukulia bila kulijua jani hilo. Hakuipata. Hakukuwa na baba wa kuitwa, wala mlango wa kubisha. Angeweza kuwa popote duniani, na sisi tulikuwa tumemwelekeza mpaka jikoni.

"Basi huyo hana kwao," alisema, akalichukua jani lake kutoka kwenye kitenge, polepole, kama anayemfunika mtu.

Simu ikalia tena. Safari hii haikuwa yangu wala ya dada. Ilikuwa ile ya mtoto, tuliyokuwa tumeiweka juu ya kabati, na mwandishi alikuwa rafiki yake wa darasani: *Hii picha ni wewe?*

Mpwa wangu hakuuliza ni nani. Aligeukia moto, akaanza kusogeza kuni zilizokuwa zimekaa sawa.